PVNS ya Kifundo na Wayo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kifundo changu cha kushoto kilianza kuvimba nikiwa na miaka 29. Sikuwa nimeanguka wala kuteguka. Ilipita miaka 3 na eksirei 4 kabla sijasikia jina la ugonjwa wenyewe, na siku hiyo nilitoka kwa daktari na herufi nne tu, PVNS, nilizoandikiwa kwenye karatasi. Tangu hapo nimekuwa nikisoma, nikiuliza, na nikiulizwa. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo yanayonifikia zaidi kutoka kwa wagonjwa wenzangu na ndugu zao. Mimi si daktari. Ninachotaka ni uende kwa daktari ukijua la kuuliza.

PVNS ni kitu gani hasa?

Kila kiungo kinachojikunja kimefungwa ndani ya mfuko, na mfuko huo kwa ndani umetandikwa utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Wataalamu huuita sinovia. Utando wa aina hiyohiyo umezivika pia kano zinazoshuka kutoka muundi, zikapita kifundoni hadi vidoleni, kama ala inavyovika kisu. Ndiyo maana ugonjwa huu unaweza kuanzia ndani ya kiungo au kwenye ala ya kano.

Utando ukipatwa na PVNS hunenepa, ukaota vinyuzinyuzi na vinundu, na ukawa unavuja damu kidogo kidogo. Damu hiyo haina pa kutokea. Ikioza mlemle huacha madini ya chuma ndani ya utando, na daktari akifungua kiungo hukuta kitu chenye rangi ya kahawia na manjano, mithili ya bati lililoshika kutu. Hiyo ndiyo "rangi" inayotajwa katika jina refu la ugonjwa huu kwa Kiingereza, pigmented villonodular synovitis ("pigmented" ni "yenye rangi").

Mbona majibu yangu yameandikwa TGCT na si PVNS?

Ni ugonjwa uleule. Daktari Mfaransa aitwaye Chassaignac alieleza kinundu cha namna hii kwenye kano za kidole mwaka 1852. Mwaka 1941 Jaffe, Lichtenstein na Sutro, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, waliupa jina ambalo herufi zake za kwanza ni PVNS, wakiamini kwamba ni uchochezi wa utando. Baadaye ilionekana kwamba kwa hakika ni uvimbe unaojiotea wenyewe, wenye seli kubwa ndani yake, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaweka aina zote chini ya jina moja, TGCT, yaani tenosynovial giant cell tumour. Madaktari wengi bado wanatumia la zamani, kwa hiyo usiposikia moja utasikia jingine.

Kuliko jina, angalia neno linalofuata. Kuna aina ya kinundu kimoja, yaani uvimbe ulio mahali pamoja wenye mipaka, na kuna aina ya kusambaa, ambapo utando wa kiungo karibu wote umeingiliwa. Matibabu, uwezekano wa kurudi, hata usingizi wako wa usiku, vyote vinategemea wewe una ipi. Kama ripoti yako haisemi, rudi ukaulize.

Je, ni saratani?

Hapana. Hausafiri kwenda kwenye mapafu wala ini, na hauui. Zipo taarifa za uvimbe huu kugeuka kuwa saratani, lakini ni nadra mno, hata ndani ya ugonjwa ambao wenyewe ni nadra.

Hata hivyo naomba neno "si saratani" lisikufanye ulale. Nililisikia, nikafurahi, nikakaa mwaka mzima bila kurudi hospitali. Aina ya kusambaa hula gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, na kutoboa mifupa iliyo karibu nayo, polepole, bila haraka na bila huruma.

Unasababishwa na nini? Nilijikwaa, ndiyo hiyo?

Wapo wanaokumbuka kuumia kabla ya kuvimba, na wapo wengi wasiokumbuka chochote. Kuumia hakujathibitishwa kuwa ndiko chanzo. Kinachojulikana vizuri ni kinachotokea ndani ya seli. Katika baadhi ya seli za utando, kipande cha kromosomu ya 1 hukatika na kuungana na kipande cha kromosomu ya 2. Kwa kosa hilo jeni iitwayo CSF1 huanza kutoa protini yake kupita kiasi, na kazi ya protini hiyo ni kuita seli za kinga za jamii ya makrofaji.

La ajabu ni kwamba seli zenye kosa ni chache, kati ya 2 na 16 katika kila seli 100 za uvimbe. Zilizobaki ni zilizoitika wito. Ni mbiu ya mgambo: anayeipiga ni mmoja, uwanja unajaa watu. Likumbuke hili utakapofika kwenye swali la dawa, maana dawa mpya zinafanya kazi ya kuizima hiyo mbiu.

Hukufanya kosa lolote, na hujarogwa. Nasema hivyo kwa sababu niliambiwa yote mawili.

Unaambukiza? Unarithiwa?

Hauambukizi. Kosa la kromosomu linatokea kwenye utando wa kiungo hicho tu, katika maisha ya mtu mwenyewe. Watoto wako hawaupati kutoka kwako.

Unawapata watu gani, na wangapi?

Zaidi ni watu wazima wa kati ya miaka 20 na 50, wanawake wakizidi wanaume kidogo. Watoto pia huupata, kwa nadra. Kiungo kinachoongoza ni goti. Kifundo na wayo viko nyuma yake. Karibu siku zote ni kiungo kimoja tu, kwa hiyo usikae ukiupapasa mguu wa pili kila asubuhi kama nilivyokuwa nikifanya.

Utafiti wa Uholanzi uliotumia kumbukumbu za maabara za nchi nzima ulikuta wagonjwa wapya wa aina ya kusambaa kati ya 4 na 5 hivi katika kila watu milioni moja kwa mwaka. Tanzania ilihesabu watu milioni 61.7 katika sensa ya 2022. Ikiwa kiwango chetu kinafanana na cha Waholanzi, basi kila mwaka wanaongezeka wenzetu kati ya 250 na 300 hivi wenye aina hiyo peke yake. Wako wapi? Nadhani wengi wako majumbani, wamefunga bandeji, wameambiwa ni baridi yabisi.

Dalili zake ni zipi mguuni?

Kwenye kifundo, au kiwiko cha mguu kama wasemavyo Zanzibar, uvimbe ndio hutangulia. Unakuja, unapungua, unarudi, na kila ukirudi unaacha kitu. Mwanzoni maumivu ni madogo kuliko ukubwa wa uvimbe wenyewe, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Kiungo kinakuwa kizito asubuhi au ukishakaa kwa muda, wakati mwingine kina joto ukikigusa, wakati mwingine kinakwama katikati ya hatua kama bawaba yenye mchanga. Kushuka ngazi kunasumbua kuliko kupanda. Mimi niligundua kwamba kiatu cha kushoto kilikuwa kinachakaa kuliko cha kulia.

Kwenye vidole na sehemu ya mbele ya wayo mara nyingi inakuwa aina ya kinundu: kitu kigumu, hakisogei sana, hakiumi sana, kinakua kwa miezi na miaka. Malalamiko ya kwanza huwa ni kiatu kubana.

Kwa nini huchelewa kugunduliwa?

Kwa sababu unafanana na kila kitu ambacho daktari wa kwanza hukiona kila siku. Kifundo kimevimba: umeteguka. Kimevimba tena: ni jongo, acha nyama nyekundu. Asidi ya yuriki haijapanda: basi ni baridi yabisi. Eksirei haina kitu: basi huna kitu. Katika miaka ya mwanzo eksirei inaweza kweli kuwa safi kabisa, maana eksirei huonyesha mfupa na ugonjwa uko kwenye utando. Vipimo vya kawaida vya damu navyo kwa kawaida havionyeshi lolote.

Huku kwetu kuna jambo la kuongeza. Kifua kikuu cha viungo kipo, na kifundo kimoja kinachovimba taratibu kwa miezi kinaweza kuwa hicho. Daktari anayekifikiria kwanza hajakosea. Shida ni pale mtu anapoanzishiwa dozi ya miezi mingi kwa kukisia, bila ute wala kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa kiungoni, kupimwa. Wanaume wenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, nao hupata viungo vinavyofanana na hivi kwa sababu ya kuvuja damu mara kwa mara. Na kuna mguu wa Madura, unaosababishwa na kuvu au bakteria wanaoingia kwa mwiba. Huo kwa kawaida hutoboa ngozi na kutoa punje, kitu ambacho PVNS haifanyi.

Kipimo gani kinaonyesha?

MRI, picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku. Yale madini ya chuma niliyoyataja huvuruga sumaku ya mashine, kwa hiyo utando uliougua hutokea mweusi kwenye picha ambazo uvimbe mwingine ungeng'aa. Mtaalamu wa picha anayeujua ugonjwa huu mara nyingi huutambua hapohapo. MRI pia huonyesha umefika wapi, kama umezunguka nyuma ya kifundo, kama umefuata kano, kama umeshaingia mfupani. Hakuna daktari wa upasuaji anayepaswa kuingia bila ramani hiyo.

Ultrasaundi husaidia kujua kama uvimbe ni maji au nyama. Wakikufyonza maji ya kiungo yakatoka mekundu au ya kahawia, na hukuumia popote, liulizie jina hili. Uhakika wa mwisho unatokana na kinyama kupimwa na mtaalamu wa patholojia, anayekichunguza kwa darubini maabara.

Ni kinundu kidogo tu juu ya wayo. Si wakikate tu pale zahanati kwa ganzi?

Hili ndilo swali ambalo ningetamani kila msomaji alisome mara mbili.

Vinundu vingi vya mguuni havina madhara. Lakini miongoni mwa vinavyofanana navyo kuna saratani iitwayo sarkoma ya sinovia, ambayo hupenda miguu ya vijana, hukua polepole, na mwanzoni inaweza kukosa maumivu kabisa. Licha ya jina lake haitokani na utando wa kiungo, na si PVNS iliyoharibika. Ni ugonjwa mwingine unaovaa sura ileile. Akiikata mtu aliyedhani ni kifuko cha maji, akakata katikati yake, anamwaga seli za saratani katika kila tabaka alilolipita. Operesheni ya pili inakuwa kubwa mara nyingi, na mguu ambao ungeokolewa unaweza kupotea.

Hata ikiwa ni PVNS kweli, kukata nusu na kuacha nusu ni kupanda mbegu. Mara ya pili daktari anakuta makovu, mishipa ya fahamu imehama mahali pake, na mipaka ya uvimbe haionekani.

Kwa hiyo utaratibu ni picha kwanza, kisha kinyama, kisha kisu. Kinyama chenyewe kichukuliwe na daktari atakayefanya operesheni, au kwa makubaliano naye, ili njia ya sindano iwe mahali atakapopita baadaye. Na chochote kitakachokatwa, hata kikiwa kidogo kama punje ya kunde, kipelekwe maabara. Usikubali kitupwe kwenye ndoo. Wewe ndiwe mwenye mguu, una haki ya kuuliza kimepelekwa wapi na majibu yanatoka lini.

Naweza kuchuliwa, au kuchanjwa?

Usichanje. Ngozi iliyochanjwa huleta maambukizi karibu na kiungo na kumwachia daktari makovu pasipofaa. Kuchua kwa nguvu nako hakufai: utando huu unavuja damu kwa kuguswa tu, na nilipochuliwa mimi kifundo kilifura usiku uleule. Barafu iliyofungwa kitambaa na kuinua mguu juu ya mto vinatuliza. Havitibu.

Chakula je?

Hakuna chakula kinachouleta wala kinachouondoa. Masharti ya nyama nyekundu ni ya jongo.

Nikiuacha tu?

Kinundu kidogo kisichouma, kilichothibitishwa kwa vipimo, kinaweza kuangaliwa tu kwa muda, na daktari mzuri atakuambia hivyo. Aina ya kusambaa ni habari nyingine, hasa kifundoni. Goti lina mfuko mpana. Utando una mahali pa kukulia kabla haujagusa mfupa. Mfuko wa kifundo unabana. Utando ukinenepa humo hauna pa kwenda isipokuwa mfupani, na vishimo huanza kuonekana pande zote mbili za kiungo. Gegedu likishakwisha, kuuondoa ugonjwa hakulirudishi.

Operesheni inafanywaje?

Kinundu kimoja hutolewa kizima, na wengi huishia hapo.

Ya kusambaa ni kazi. Daktari anapaswa kuondoa utando wote ulioathirika, na kifundo kina chumba cha mbele na cha nyuma ambavyo huwezi kuvifikia kwa njia moja. Wengine hutoboa matundu madogo na kuingiza kamera, wengine hufungua wazi, wengine huchanganya, mbele kwa kamera na nyuma kwa kufungua. Pembeni mwa vyumba hivyo hupita mishipa ya damu na ya fahamu inayolisha wayo mzima, kwa hiyo ganzi juu ya vidole baada ya operesheni si jambo la kushangaza, ingawa mara nyingi hupungua. Mashimo mfupani hukwanguliwa, na makubwa hujazwa mfupa wa kupandikiza. Kiungo kilichokwisha kabisa kinaweza kufungwa, yaani mifupa iungwe iwe kitu kimoja; maumivu yanaondoka na kujikunja kunaondoka nako.

Muda wa magongo hutofautiana sana, kulingana na kilichofanywa. Usijipime kwa jirani. Kilichonisaidia kuliko vyote ni mazoezi ya fiziotherapia yaliyoanza mapema, mara tu daktari aliporuhusu, maana kifundo kinachokaa bila kusogezwa kinakauka kama ngozi juani.

Utarudi?

Kinundu kimoja kilichotolewa vizuri, mara nyingi hakirudi. Aina ya kusambaa hurudi mara kwa mara, na katika baadhi ya taarifa za hospitali hurudi kwa nusu ya wagonjwa au zaidi, wakati mwingine baada ya miaka mingi. Najua jinsi sentensi hiyo inavyouma kuisoma. Ndiyo sababu MRI za ufuatiliaji si anasa, na ndiyo sababu "niko sawa, siendi tena" ni uamuzi mbaya. Kurudi kukigunduliwa mapema kunashughulikiwa kabla mfupa haujaguswa.

Mionzi inatumika?

Wakati mwingine, baada ya operesheni, pale ambapo masalia hayakuweza kufikiwa au ugonjwa umerudi tena na tena. Wapo pia wanaochomwa sindano ya yitriamu yenye mionzi ndani ya kiungo. Kwa kijana mwenye ugonjwa usio saratani madaktari wengi husita, kwa sababu mionzi huweza kukakamaza kiungo na, baada ya miaka mingi, kuleta saratani. Nami naona wana haki ya kusita.

Nimesikia kuna vidonge.

Vipo, na vimebadilisha mazungumzo. Vyote vinazuia kipokezi cha ile protini ya CSF1. Pexidartinib iliidhinishwa Marekani Agosti 2019, ikiwa ya kwanza kabisa kwa ugonjwa huu. Katika jaribio lililoifikisha hapo, uvimbe ulisinyaa vya kutosha kwa asilimia 39 ya waliomeza dawa, na hakuna hata mmoja kati ya waliopewa kidonge kitupu. Lakini inaweza kuumiza ini vibaya, ndiyo maana Marekani iliruhusiwa kwa masharti makali, na Ulaya iliikataa mwaka 2020. Februari 2025 Marekani iliidhinisha vimseltinib, inayomezwa mara mbili kwa wiki, kwa matokeo yanayokaribiana na hayo, asilimia 40. Kinachosumbua zaidi ni kuvimba kuzunguka macho, kuwashwa na vipele. Imatinib, dawa ya zamani ya saratani ya damu, nayo imejaribiwa kwa baadhi ya wagonjwa.

Dawa hizi zimekusudiwa wale ambao operesheni ingewaharibu kuliko kuwasaidia. Bei yake iko mbali na mfuko wa mtu wa kawaida. Usinunue chochote kwa jina hili kutoka kwa mtu mtandaoni. Dawa inayohitaji ini lipimwe mara kwa mara haimezwi kwa kujificha.

Nina mimba, au natarajia kubeba. Nifanye nini?

Mwambie daktari kabla ya dawa au picha yoyote. Dawa nilizozitaja hazimezwi wakati wa ujauzito. Ugonjwa wenyewe hauzuii kuzaa.

Niende wapi nikiwa Afrika Mashariki?

Muhimu si jina la hospitali. Muhimu ni kwamba pawe na daktari bingwa wa mifupa, MRI na maabara ya patholojia, na watu hao watatu wawe wanazungumza. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Moshi ipo hospitali ya rufaa ya KCMC, Nairobi ipo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Omba rufaa kutoka ulipo, maana bila rufaa bima nyingi hazilipi MRI, na kipimo hicho kwa fedha taslimu ni mzigo.

Nitaweza kuswali, kucheza mpira, kusimama kazini?

Kukaa tahiyatu na wayo umekunjwa chini yako ni miongoni mwa mikao inayokibana kifundo zaidi. Mzee mmoja aliniambia anaona aibu kuswali kwenye kiti. Mgonjwa ameruhusiwa, babu, kaa kwenye kiti. Kuogelea na baiskeli huwa rahisi kwa kifundo kuliko kukimbia. Mpira, muulize daktari wako na usimfiche kwamba umeshaanza. Kama kazi yako ni ya kusimama, barua ya daktari kwa mwajiri ina uzito kuliko maelezo yako ya mdomo.

Nibebe nini nikienda kliniki?

Beba picha zenyewe za MRI kwenye diski, si ripoti peke yake. Daktari wa upasuaji anataka kuona kwa macho yake. Beba majibu ya patholojia yenye namba ya sampuli, na maelezo ya operesheni kama ulishafanyiwa. Piga nakala ya kila kitu. Mimi faili langu la kwanza lilipotea hospitalini, na ile MRI ya mwanzo, ambayo ingeonyesha uvimbe ulikuwa na ukubwa gani kabla ya kukatwa, sikuipata tena.